Jozi ya Mheshimiwa Nesta

Kengele ya Bunge ilipolia ndani ya baa, Nesta Prosser alikuwa ndiyo kwanza anakata pai yake ya nyama. Baa hiyo iko mtaa wa nyuma ya Bunge la Westminster, na kengele imefungwa juu ya kaunta ili waheshimiwa wanaokula na kunywa humo wajue kwamba kura inapigwa na wana dakika nane tu kabla milango haijafungwa. Watalii waliinuka wakidhani ni moto. Waheshimiwa waliacha vinywaji vyao mezani wakatoka mbio, wanene kwa wembamba.

Nesta alikuwa mgeni bungeni. Kabla ya hapo alifundisha hesabu huko Cwm Hafod, bonde moja la Wales, na kengele ya shule haikuwahi kumtia kiwewe namna hii. Aliruka, koti lake la manjano likanasa kwenye kiti, na alipolivuta kwa nguvu akamvaa mwanamume mrefu aliyekuwa akitoka mbio chumba cha ndani. Mchuzi wa pai ukatua kwenye tai ya hariri ya bwana yule.

"Mungu wangu! Nisamehe, kaka!"

"Achana nayo, mpenzi. Kimbia!"

"Mpenzi? Mpenzi wa nani?"

"Kimbia kwanza, tutagombana njiani!"

Walikimbia bega kwa bega kwenye manyunyu, koti la manjano na suti ya buluu, yule bwana akiinua mkono kusimamisha mabasi kana kwamba barabara ni ya baba yake.

"Sasa hilo neno lako vipi?" Nesta aliuliza huku akihema.

"Kwetu Cornwall kila mtu ni mpenzi. Muuza samaki anamwita baba yangu mpenzi, na mzee ana ndevu hadi hapa."

"Kwetu Wales ukimwita msichana mpenzi, mama yake anaanza kuoka keki ya harusi."

"Anaoka vizuri?"

Nesta alicheka hadi akashikwa na kichomi. Walipofika, milango ilikuwa bado wazi, na hapo ndipo kila mmoja alipogundua kuwa mwenzake anaelekea kwingine.

"Wewe upande gani?" yule bwana aliuliza.

"Upinzani."

"Lo! Na uzuri wote huo! Mimi serikali." Aliinama kidogo, tai ikinuka mchuzi. "Jory Penhale, mbunge wa Porthenys. Kahesabiwe salama, Mheshimiwa. Tutaonana mkishashindwa."

Bunge lile lina korido mbili. Wanaosema Ndiyo hupita ya kulia, wanaosema Hapana hupita ya kushoto, na mlangoni huhesabiwa mmoja mmoja kama watoto wanaorudi kutoka matembezi ya shule. Kila alipolikanyaga zulia la korido hizo, Nesta alisisimka mwili mzima. Watu elfu sabini wa bondeni walikuwa wakipita pale kwa miguu yake miwili tu, naye hakujiona anastahili.

Penzi halikuchelewa. Jory alipiga simu asubuhi, akapiga mchana, na jioni akapiga kuuliza kama alipiga mchana.

"Umekula?"

"Nimekula hotuba za chama chenu tangu asubuhi. Nimevimbiwa."

"Njoo nikupe dawa."

"Dawa gani?"

"Hotuba yangu. Fupi, na unaisikiliza ukiwa umeegemea bega."

Nesta akampeleka Jory hadi Cwm Hafod kwa baba yake, mzee Gwilym, mwoka mikate mstaafu, ambaye alimhoji kijana kuhusu bei ya unga na mwisho akamruhusu kurudi tena.

Kisha Waziri Mkuu akaanguka. Hakuangushwa na upinzani wala na wananchi. Wabunge wake mwenyewe walimchoka katikati ya muhula, wakamwondoa, wakakaa kikao na kumweka mwanamama mmoja mahali pake. Siku ya makabidhiano Nesta na Jory walikaa kwenye benchi bustanini, karibu na barabara iendayo kwa Mfalme, ambako uwaziri mkuu hurudishwa na kupokewa, wakila sandwichi. Gari jeusi likapita likiwa limembeba Waziri Mkuu, likarudi limebeba mtu wa kawaida. Baadaye kidogo likapita jingine limebeba mtu wa kawaida, likarudi limembeba Waziri Mkuu.

Nesta aliacha kutafuna. Aliona jambo kubwa kupita kiasi, na bata wa ziwani walikuwa wakiendelea na shughuli zao.

"Hakuna hata bunduki moja," alisema kwa sauti ya chini. "Jory, umeona? Nchi nzima imebadilisha mikono na sisi bado tunakula."

"Ndiyo uzuri wake, mpenzi."

"Lakini pia hakuna hata kura moja ya mwananchi. Huyu mama kachaguliwa na nani?"

"Na sisi wabunge. Na sisi tulichaguliwa na watu. Karatasi ya kura kule Porthenys ilikuwa na jina langu. Jina la Waziri Mkuu halikuwamo."

"Unajidanganya! Uso wake ulikuwa kila ukuta. Watu walimsikia kwa masikio yao akiapa kwamba reli ya bonde letu haifungwi. Mama huyu ameshatangaza inafungwa, hata masanduku yake hajafungua. Sasa wamshike nani shati?"

"Na kama kila tukimwondoa kiongozi mbovu lazima uchaguzi uitishwe, nani atathubutu kumwondoa? Kila mbunge ataogopea kiti chake. Mbovu atakaa hadi azeekee pale."

Nesta aliwatupia bata ganda la mkate. "Hoja yako ina akili," alisema, "ila haina haya. Lete hiyo nusu ya sandwichi."

Haukupita muda upinzani ukaleta hoja ya kutokuwa na imani na serikali. Ikipita, nchi inakwenda kupiga kura. Ikishindwa, mwanamama anabaki. Serikali ilikuwa na wingi mwembamba mno, na hakuna aliyejua mambo yangeishaje. Asubuhi ya siku ya kura mzee Gwilym akaanguka jikoni kwake, nusu ya mwili ikafa ganzi.

Kuna desturi ya zamani pale bungeni. Mbunge akipatwa na jambo, mmoja wa upande wa pili hukubali kukaa nje naye, pengo la huyu likafutwa na pengo la yule. Huitwa kufunga jozi. Hakuna sheria yake, ni neno la mtu tu. Lakini kwa kura nzito kama hii viranja wa serikali, wale wanaowachunga wabunge wao wasitoroke, walikataa katakata.

"Nenda kwa baba," Jory alisema kwenye simu.

"Nimewaahidi watu wangu, Jory! Siwezi kuwaacha siku kama ya leo."

"Hutawaacha. Mimi ndiye jozi yako."

"Watakuchuna ngozi."

"Ninayo ya kutosha. Nesta, mpenzi, sikiliza. Kura yangu haitaidhuru yako. Nakuapia. Panda treni."

Akapanda. Jioni ile, wodini Cardiff, alikaa ameushika mkono mzito wa baba yake na kutazama televisheni ndogo ya ukutani. Wabunge wa serikali walikuwa wakirudi ukumbini kutoka korido ya Hapana. Katikati yao alikuwa Jory. Kiranja wao, Drusilla Farrant, amemshika kiwiko huku akitabasamu. Kamera ikahamia kwa Waziri Mkuu, na Nesta hakuona tena kitu, macho yalikuwa yamejaa machozi. Baadaye matokeo yakasomwa. Hoja imeshindwa kwa kura moja.

Simu ililia mara nyingi. Mwishowe akaipokea.

"Umepiga kura?" aliuliza.

"Nimepiga, lakini Nesta..."

"Inatosha."

Akaizima. Kura moja! Kura hiyo ilikuwa na jina, ilikuwa na macho ya kijivu, na ilikuwa imelala begani pake. Aliona amewauza watu wake kwa sababu ya mwanamume, akajichukia, na bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Siku zilizofuata Nesta hakugusa gazeti wala simu, na mzee Gwilym alianza kupata nafuu. Mdomo ulikuwa bado umepinda, ila lugha imerudi, na asubuhi moja Nesta alimkuta akicheka na gazeti mpaka nesi amekuja kumtazama.

"Hawa wabunge wenzako hata kulia na kushoto hawajui!" mzee alisema. "Huyu kapita korido ya Hapana, halafu kakimbia kapita na ya Ndiyo. Kahesabiwa kote kuwili! Mwanangu, si yule kijana wako aliyemaliza mikate yangu?"

Nesta alichukua gazeti. Waandishi walikuwa wamemdhihaki Jory kurasa mbili nzima, na chama chake kilikuwa kimemfukuza jioni ileile. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi kitandani kwa baba yake. Moja toa moja. Miaka yote ile alikuwa akiwafundisha watoto sifuri, na hakuwahi kuiona ikiwa nzuri hivi. Mwanamume mzima alikuwa amekimbia mbele ya taifa ili ajifute, kwa sababu alimwahidi.

Alipiga simu, haikupatikana. Akapiga ofisini kwa Jory, akaambiwa anaondoka kwenda Cornwall kwa treni ya mchana. Akapanda treni ya London, na alipoteremka stesheni ya Paddington, zinakoanzia treni za Cornwall, alikimbia ngazini, koti limefunguka, kofia ya sufu mkononi, akapenya katikati ya mabegi na watoto hadi alipomwona amesimama chini ya ubao wa treni, hana tai, ndevu za siku kadhaa kidevuni.

"Jory! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema 'lakini'. Hukuingoja."

"Nilimwona Drusilla amekushika!"

"Alinikuta nimejificha chooni. Akasimama mlangoni akiimba hadi nikatoka kwa aibu. Umati ukanisomba, nikahesabiwa. Tuliporudi ndani nikamponyoka. Mlango wa wenzako ulikuwa unafungwa, mpenzi. Nilipita ubavu, kiatu kikabaki nje."

Nesta alicheka na kulia kwa pamoja. "Nisamehe. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Nimekusamehe tangu usiku uleule, nilikuwa sina pa kukuambia."

"Na sasa unakwenda wapi na begi lote hilo?"

"Nimeacha kiti. Nakwenda kugombea upya, peke yangu, bila chama."

Nesta alimkazia macho. "Lakini wewe ndiye uliyesema watu humchagua mtu! Hakuna sheria inayokutaka ufanye hivyo."

"Hakuna. Na kuhusu Waziri Mkuu bado sijui nani kati yetu ana haki. Ila kuhusu mimi najua. Watu wa Porthenys walichagua mtu wa serikali, leo wana mtu asiye na upande. Nimebadilika katikati ya muhula, Nesta. Naona haya kukaa kimya. Nakwenda kuwauliza."

Nchi nzima ilikuwa imekosa uchaguzi wake, na mji mmoja wa pwani ulikuwa unaupata kwa sababu mtu mmoja ameona haya. Nesta alimtazama kwa mshangao uleule uliomshika siku ya kwanza alipokanyaga Bunge. Alikuwa amependa bila kujua ukubwa wa mtu aliyempenda.

"Unanioa," alisema, "au na hilo mpaka uwaulize watu wa Porthenys?"

Jory aliachia begi. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja treni naye akasahau kutazama ubao.

"Nakuoa. Hata leo."

"Ngoja kwanza, usije ukasema nilikuficha. Uchaguzi mdogo ukiitishwa chama chetu hututuma wote. Nitakuja Porthenys kumpigia debe mgombea wetu. Nitagonga mlango mmoja baada ya mwingine nikiwaambia watu wasikuchague."

"Utafanya hivyo kweli?"

"Kwa nguvu zangu zote."

Jory alimwangalia, macho yamelowa, kicheko kikimtoka polepole.

"Na utalala wapi?"

"Kwako."