Saa Nzima Mlangoni

Mimi naitwa Mercy. Ninauza vitenge Tunduma, hatua chache kutoka mpakani. Asubuhi nafungua kibanda, natandaza vitenge, nawasalimia wateja wa Zambia kwa Kibemba changu cha kuokoteza. Wanacheka, wananunua. Malori yamejipanga barabarani hadi macho yanachoka. Mume wangu Rubeni anaendesha lori mojawapo, na mara nyingi yuko Kongo.

Mimi si msomi. Ni mtu wa kawaida mwenye hasira. Hasira hiyo ina miaka minne sasa, na leo naitoa.

Nyumbani kwa baba ni Mlowo. Baba yangu ni mzee Ambakisye. Sisi ni Wandali. Tulitoka Ileje zamani, baba akapata shamba la kahawa. Kaka yangu Asajile anaishi hapo hapo na mkewe, Violet. Violet ni nesi mkunga. Ana shahada ya kwanza ya uuguzi, na anafanya kazi katika kituo cha afya.

Kwetu mke wa mtoto hasemi na baba mkwe. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, anampisha. Akiwa na neno, analipeleka kwa mumewe, na mumewe analifikisha kwa baba. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Baba yangu hakulegeza hata kidogo.

Mwaka ule Violet alitaka kurudi chuoni. Alitaka kusoma shahada ya pili, ile inayoitwa ya uzamili, ya uuguzi wa mama na watoto wachanga. Alimweleza mumewe kwa kirefu. Asajile akaenda kwa baba na kusema kwa kifupi, "Violet anataka kuondoka miaka miwili, akasomee vichanga." Atajifunza nini hasa huko, hakueleza. Kaka yangu mbele ya baba huwa kama kuku aliyenyeshewa.

"Amekwisha soma," baba alijibu. "Nesi ni nesi. Watoto wake wawili atamwachia nani? Anataka shahada nyingine ya kuogesha vichanga?"

Nami nilicheka. Naandika hili kwa aibu. Nilimwambia Violet, "Wifi, mtoto mchanga ananyonya, analala. Hapo pana shahada ya pili ya nini?"

 Violet alikunja fomu zake, akaziweka ndani ya Biblia.

Mwezi wa saba nilikwenda Mlowo kusaidia kuchuma kahawa. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya mapacha. Mwezi ule baridi ya Mbozi inauma mpaka kwenye mifupa. Siku ya tatu, asubuhi, uchungu ulinikamata shambani. Walinikokota hadi jikoni kwa baba, kwa sababu jikoni kuna joto. Jiko letu ni nyumba ndogo ya peke yake, yenye mlango mmoja. Kabla gari halijapatikana, watoto walikuwa wametoka. Wa kiume, kisha wa kike. Wadogo mno. Kila mmoja angeenea kwenye viganja viwili.

Shangazi Elizabeti, dada yake baba, ndiye aliyewapokea. Aliwaogesha kwa maji ya vuguvugu. Akawafunga vitambaa, akawalaza kwenye katoni ya sabuni kando ya moto.

Baba alileta kigoda chake, akakaa mlangoni. Hiyo ni desturi yake mwenyewe. Mtu akizaa kwake, yeye hukaa mlangoni, wasiingie wenye macho mabaya. Alikaa katikati kabisa, miguu ameinyoosha.

Violet alipigiwa simu kazini. Alikuja na pikipiki, mbio. Akafika, akaona baba mkwe kaziba mlango. Akasimama.

Nilimsikia nje ya ukuta. "Shangazi, watoto wamepumua vizuri?"

"Wanapumua," shangazi alisema. "Wako kwenye moto."

"Watoe kwenye moto, tafadhali. Wafute wakauke. Wavue vitambaa, uwaweke kifuani kwa mama yao, ngozi kwa ngozi. Uwafunike wote pamoja."

"Mwanangu, kifua kinashinda moto? Mngoje mumeo."

Violet alimpigia Asajile. Asajile alikuwa kwenye mashine ya kumenya kahawa, na mashine ile ina kelele. Simu iliita, ikakatika. Akapiga tena. Nilimsikia akisema, "Asajile, pokea." Baba alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Alimsikia kama nilivyomsikia mimi. Lakini neno la mkwe halimhusu mpaka mwanawe alilete, basi akatazama miti yake ya kahawa.

Sasa sikiliza sehemu inayonikera kuliko zote. Nilikuwa na mdomo. Baba ni baba yangu, hakuna mila inayonizuia kusema naye. Ningeweza kusema, "Baba, mpishe." Badala yake nilisema, "Wifi, mngoje kaka. Atakuja sasa hivi."

Ilipita saa nzima.

Kisha wa kike akalia kidogo, mlio mwembamba, akanyamaza. Violet aliusikia mlio ule. Akajifunika khanga kichwani, akasogea mbele ya kigoda, akamtazama baba yangu machoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Baba," alisema, "ondoka mlangoni."

Baba hakuinuka. Nadhani alishindwa kuamini. Violet akapita juu ya miguu yake.

Alinifungua gauni. Akamchukua wa kike, akamkausha, akamvisha soksi yake mwenyewe kichwani iwe kofia, akamlaza kifuani pangu kama chura, akatufunga wawili kwa kitenge. Mtoto alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akarudi kwenye katoni kumchukua wa kiume. Alikaa naye muda mrefu, amepiga magoti, akimpulizia pumzi kidogo kidogo.

"Violet?" niliita.

Hakugeuka. "Huyu ametangulia, wifi," alisema.

Gari lilipatikana. Tulikwenda hospitali kubwa, wa kike akiwa kifuani pangu njia nzima. Violet alikuwa akikamua maziwa yangu ya kwanza, yale ya njano, na kumdondoshea mdomoni.

Hospitalini tulipokelewa na Sista Mwanakombo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinikalisha kwenye kiti cha kuegemea, akanionyesha namna ya kumbeba mtoto. Siku ya tatu, nilipopata nguvu, hasira nayo ikapata nguvu.

"Sista," nilimwambia, "niambie ukweli. Moto ulimfanyia nini mwanangu?"

Hakunificha. "Mtoto njiti hana mafuta mwilini. Joto linamtoka haraka. Mlipomwogesha, joto likatoka zaidi. Kinachomfaa ni kukaushwa tu, kuoga kunangoja. Moto wa jikoni unachoma upande mmoja na kuacha upande wa pili baridi, na moshi unambana pumzi. Kifua cha mama kina joto linalomfaa. Hata hivyo siwezi kukuahidi kwamba yule angepona. Njiti wengine tunawapoteza hata hapa. Ila saa ile moja ilikuwa yake, na hakuipata."

Nililia. Kisha nikauliza, "Wewe umejua wapi haya yote?"

"Mengine nimejua kazini. Mengine nimeyasoma kwenye shahada ya uzamili. Hata wifi yako anayajua ya msingi, ndiyo maana huyu yuko hai."

"Baba anasema nesi ni nesi."

Sista Mwanakombo alicheka kidogo, bila furaha. "Wewe unatoka Tunduma. Fundi wa baiskeli ni fundi, na fundi wa breki za lori ni fundi. Mumeo akikatikiwa breki mlimani, utamwita yupi?"

"Wa breki."

"Basi. Shahada ya kwanza inamfundisha nesi kumhudumia kila mgonjwa. Ya uzamili inamchukua upande mmoja na kumzamisha humo. Mara nyingi ni miaka miwili. Anasoma darasani, anafanya kazi wodini kati ya watoto njiti. Anajifunza kumsaidia anayeshindwa kupumua, kumlisha asiyeweza kunyonya, kutambua maambukizi mapema. Anajifunza pia kufundisha manesi wengine na kupanga wodi. Mwisho anafanya utafiti wake mwenyewe. Akirudi, hatibu mtoto mmoja tu. Anabadilisha kituo kizima."

"Na anaingiaje huko?"

Alinihesabia kwa vidole. Awe na shahada ya kwanza inayokubalika na leseni ya uuguzi ambayo muda wake haujaisha. Vyuo vingi vinataka awe amefanya kazi kwanza. Akague kama chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Aandae vyeti, matokeo, na barua za watu wanaoijua kazi yake. Kila chuo kina masharti yake, kwa hiyo aulize chuo chenyewe, asiulize watu wa vijiweni.

"Na kama ameajiriwa," aliongeza, "aombe ruhusa kwa mwajiri mapema, kwa maandishi, aingizwe kwenye mpango wa mafunzo. Wengi wanaharibikiwa hapo. Wanaondoka kwa ruhusa ya mdomo, wakirudi kazi ina maneno. Na dirisha la maombi halimngoji mtu. Wifi yako aliniambia la mwaka huu linafungwa mwisho wa mwezi."

Nilihesabu siku. Zilibaki kumi na moja.

Siku ya tano Asajile alikuja kutuona. Nilimwambia amlete baba hospitalini kesho yake, hata kwa kumbeba. Baba alikuja. Alivaa koti lake la kanisani. Alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama mjukuu wake aliyejificha kifuani pangu.

"Pole, mwanangu," alisema. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Nilikuwa nikiisubiri sentensi hiyo kwa siku tano.

"Baba," nilisema, "Mungu hakukaa mlangoni. Ulikaa wewe."

Asajile aliinamisha kichwa. "Mercy, taratibu, huyu ni mzazi."

"Na mimi ni nani? Mimi nimezaa wawili, nina mmoja. Nawe hukumweleza baba Violet atajifunza nini, ulishindwa kufungua mdomo. Mimi nilicheka, na siku ile nikamwambia mwenye ujuzi angoje. Kila mmoja wetu amemfunga mdomo Violet kwa wakati wake. Sasa nawaambia wote wawili. Dirisha la maombi linafungwa baada ya siku nane. Watoto wa Violet watakaa kwangu Tunduma, watasoma huko, nitawalea na wa kwangu. Kaka, wewe utampeleka kwa mwajiri akachukue barua yake. Baba, wewe sikuombi ruhusa. Nakuomba usikae tena mlangoni."

 Wauguzi walipita, wakarudi. Mwisho baba akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nilikuwa namsikia. Nilidhani mila inanilinda mimi. Kwani ile shahada inafundisha haya, ya kifua?"

"Haya na mengine mengi," nilisema.

"Asajile hakuniambia."

"Hukumuuliza, baba."

Alitoka bila kuaga. Lakini kesho yake Asajile alipigiwa simu alfajiri. Baba alitaka kujua kama Violet amekwisha kuandika barua ya kuomba ruhusa, na kama hajaandika, anangoja nini.

Maombi yalitumwa siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Ruhusa ya mwajiri ikaja kwa maandishi, na muhuri. Violet akaenda. Haikuwa rahisi. Mwaka wa kwanza mwanawe wa mwisho alilia kila Jumapili baada ya simu ya mama yake. Violet naye alikuwa akilia, tulikuwa tukimsikia. Utafiti wake ulihusu jambo gani huchelewesha joto la mtoto njiti aliyezaliwa nyumbani. Aliwahoji akina mama arobaini. Mmoja wao ni mimi. Nilimweleza kuhusu kigoda, naye akaandika, kalamu yake ikasimama, akaendelea kuandika.

Alirudi mwaka jana. Kituoni kwake sasa kuna chumba chenye viti vya kuegemea, na akina mama wanakaa na njiti wao vifuani. Amewafundisha manesi wenzake. Jumamosi anakwenda vijijini kuwafundisha wakunga wa zamani, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa shangazi Elizabeti. Mwanangu wa kike anaitwa Tusajigwe. Ana miaka minne, mkaidi, anapenda kujificha chini ya vitenge vyangu.

Mwezi wa saba mwaka huu nilikuwa Mlowo tena. Mke wa jirani aliyekuja kuchuma kahawa alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Wakamwingiza jikoni kwetu. Baba, mazoea yana tabu, alileta kigoda chake, akakaa mlangoni.

Violet alikuja na pikipiki. Niliinuka nilipokaa, tayari kumsukuma baba yangu mzee mbele za watu.

Haikuhitajika. Baba alimwona, akasimama mwenyewe. Akakichukua kigoda, akakipeleka mbali, kwenye kahawa. Kisha akarudi, akamtazama mkwe wake usoni.

"Ingia, Violet," alisema. "Mama amelala upande wa kulia. Gari nimeshaita."

Violet aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima, akaingia. Mtoto yule yuko hai.

Sijamsamehe baba kabisa. Wa kiume alizikwa nyuma ya jiko lile, na kila nikienda napita pale kwanza. Kisha nakwenda kumsalimia mzee, huko kwenye kahawa alikohamishia kigoda chake.