Ukuta wa Justa

Kuta tatu zilikauka siku ileile, ule wa nyuma ya madhabahu ukakataa. Jua la Rondo liliwaka, bati likalia juu, na ukuta ukazidi kutoka jasho.

Justa alijua sababu. Roho ilikuwa inamuuma. Kanisa lile dogo la Wamethodisti alilijenga babu yake kwa miti na udongo, na tangu hapo ukuta huo wa madhabahu, wenye dirisha la msalaba, ulisiribwa udongo kila mwaka karibu na Krismasi na mwanamke wa ukoo wao: bibi, mama, kisha yeye. Mwaka huu mwinjilisti Valerian akampa Antonia, bibi harusi wa juzi tu, eti ana mkono mwepesi.

"Ukuta wangu huo," Justa alikuwa akisema peke yake jikoni. "Nani kampa?"

Antonia, mtoto wa watu, akamfuata mwenyewe kabla hajaanza kazi. "Shikamoo mama. Udongo mzuri mnachimba wapi?"

"Marahaba. Kwenye kichuguu nyuma ya kanisa. Ule haupasuki."

Wenyeji wote wanajua kwa nini kanisa lile limekaa upande, likakipa kichuguu mgongo. Babu alikikwepa. Hapo wazee walimmwagia unga jini mwenye eneo, na hakuna jembe lililokigusa. Antonia alikuwa mgeni, kaolewa kutoka Mchinga. Justa alitaka tu kazi imharibikie, watu wamcheke.

Jumapili kanisa likanuka unga uliochacha. Katikati ya wimbo Antonia akamshika Justa mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mama, kuna mtu ananiita humo ukutani."

Udongo mwekundu ulikuwa unamtoka chini ya kucha, akiufuta unarudi, na kesho yake vidole vikakakamaa, kisha viganja, kisha viwiko, mpaka mumewe akawa anamlisha uji kwa kijiko huku yeye analia kimyakimya na ngozi yake inapasuka kama ukuta wa zamani.

Justa akaenda kwa mganga, mzee Likwata, akasema yote.

"Kijicho chako kimemtoa jini kwake," mzee alijibu taratibu. "Bandueni udongo wote, urudisheni kichuguuni pamoja na unga. Ukuta muuache mtupu. Ameshauona kuwa ni wake."

Wakafanya hivyo, mwinjilisti akijifanya haoni. Antonia akapona, ila ukuta hakutaka hata kuutazama. Ndipo Justa akasikia kwamba mwinjilisti, asiyetaka Krismasi ikute ukuta mtupu, atampa Anjelina, jirani yake.

Anjelina tena! Hakulala. Asubuhi alibeba udongo wa mtoni, akasiriba peke yake huku anaimba, na hakika alikuwa na furaha, kiganja kinazunguka, udongo unatii, hadi chini ya dirisha la msalaba aliposikia harufu ya unga uliochacha, na udongo ukatoa vidole vikapita kati ya vidole vyake, vya baridi, vikajifumba, akavuta na visimwachie.

"Ukuta wangu huo," sauti ikanong'ona kutoka ndani. "Nani kakupa?"