Uso wa Kwenye Kava

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati ya soko la Mugumu wakati Kisyeri anarudi bandani kwake na chupa ya mafuta ya taa ya kuoshea brashi.

Na huyu Kisyeri alikuwa fundi, siyo wa kubahatisha. Kuanzia Mugumu mpaka Sirari, kila bango zuri lenye ng'ombe, kinyozi au soda ni mkono wake, na yale mabaya walichora wengine. Aliwahi kuchora simba kwenye ukuta wa bucha kule Natta, ng'ombe wakakataa kupita njia ile wiki mbili nzima. Shule hakukanyaga hata siku moja. Herufi alizijua kwa kuzichora, na kuchora alizaliwa nako.

Jioni hiyo alimkuta binti yake Gati amekaa kizingitini, simu mkononi, amenuna. Pembeni yake Saida, mwenye saluni ya jirani, anacheka mpaka kanga inamvuka.

Gati alisoma kompyuta Musoma. Miaka mitatu alikuwa anatengeneza gemu, peke yake, macho yameingia ndani kama ya mgonjwa. Ukilicheza, unaswaga ng'ombe wa baba yako kutoka Nyansurura kuwarudisha nyumbani. Giza linaingia. Nyuma yako anakuja fisi, na juu ya fisi amekaa mtu. Ijumaa gemu lilikuwa linaingia kwenye duka la mtandaoni, linakouzwa dunia nzima. Kilichobaki ni kava, ile picha ya mbele. Baba mtu ndiye aliichora, kwenye plaiwudi, Gati akaipiga kwa simu.

"Baba, njoo uone." Alikuwa amezipanga kava ishirini za watu wengine, ndogo ndogo kama kucha, na ya kwao katikati. "Dada Saida, gusa moja. Usifikirie."

Saida akagusa. Siyo ya Kisyeri.

"Na hii je?"

"Hiyo ya mgongo? Migongo ninayo nyumbani, ya mume wangu inanitosha."

"Umesikia, baba? Kule dukani mtu anapita mbio. Picha ni ndogo hivi. Anashikwa na kitu kimoja tu, macho yanayomtazama. Huyu aliyepanda fisi umempa mgongo. Mgeuze."

"Mimi niambiwe mgeuze kama naambiwa geuza chapati?" Kisyeri akacheka. "Namgeuza leo hii hii. Ulaya watadondosha simu, mama."

Gati akaenda kusonga ugali. Saida akafunga saluni. Kisyeri akakaa mbele ya plaiwudi, akachovya brashi.

Umeme ukakatika.

Soko zima kimya. Hata jenereta ya bucha ilinyamaza...

Halafu ikaja harufu. Ngozi mbichi iliyosahaulika juani, na majivu yaliyomwagiwa maji.

"Mgongo umeupatia, mura, kijana wangu."

Alikuwa bibi, amesimama ndani ya banda. Mlango haukulia, na mlango ule ulikuwa unalia hata ukipulizwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kovu umelijuaje?"

Kisyeri akatazama picha kwa mwanga wa jioni uliobaki mlangoni. Kweli, katikati ya mgongo wa yule mpanda fisi alikuwa ameweka kovu, limepinda kama ndoano. Aliliweka tu, kujaza nafasi.

"Nilibuni, mama."

Bibi akageuka. Akashusha kanga taratibu mpaka chini ya mabega.

Lilikuwa pale pale. Limepinda vile vile.

Kisyeri, ambaye kila kilabu cha pombe kiliijua habari yake ya kumfukuza chui kwa kopo la rangi, safari hii alilishika kopo akalikumbatia.

"Usimgeuze," bibi akanong'ona. "Anayeonekana uso ndiye anayepanda. Mimi nimechoka, ningefurahi kushuka. Lakini usije ukasema sikukuambia."

Umeme ukarudi. Bandani hakukuwa na mtu. Kwa nyuma, kule wanakotupa mifupa ya bucha, kitu kilicheka.

Mara moja tu.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, mwanaume kama yeye? Lakini usingizi ulimkataa, akakaa anapiga hesabu zake kitandani. Bibi alisema anayeonekana ndiye anapanda. Sawa. Yeye atachora uso usio wa mtu yeyote. Atapanda nani?

Asubuhi ya Jumatano akabuni mzee. Pua kama jembe, ndevu za mbuzi, macho mekundu. Sura ambayo Mungu hajawahi kuiumba. Gati akaipiga picha, akaipunguza ikawa kama kucha.

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Baba... mbona umenichora mimi?"

Kisyeri akachukua simu. Kwenye plaiwudi alikuwa mzee wa ndevu. Kwenye simu, ile ndogo, alikuwa Gati. Kidevu chake. Pengo lake la mbele. Na macho, yanakutazama wewe.

"Simu yako mbovu."

Wakajaribu ya Saida. Ni Gati.

"Hii sasa ndiyo kava!" Saida hakungoja hata kuambiwa aguse. "Inaniita kabisa. Yaani nikigeuka naisikia hapa kisogoni."

"Imeshika," Gati akasema, na uso wake ulifunguka kwa mara ya kwanza mwezi ule. "Iache hivyo hivyo, baba."

Akaiacha. Mungu amsamehe, aliiacha.

Alhamisi Gati hakuamka. Mama yake marehemu angekuwepo angejua mapema, lakini Kisyeri alikwenda kumgongea jua likiwa limeshapanda. Alimkuta amelala chali, miguu nje ya shuka. Nyayo zimejaa vumbi jeusi mpaka kwenye vifundo. Ndani ya mapaja, kwenye kitambaa cha gauni, kumegandia manyoya. Mafupi, ya kijivu, yenye madoa.

"Gati mama, ulitoka?"

"Nimeota tu, baba. Kuna kitu kilikuwa kinanibeba. Nyasi zilikuwa zinapita mbio..." Akapiga miayo, sauti ikiwa mbali. "Bibi mmoja alinipa kichwa cha hicho kitu nikishike. Akasema asante."

Kisyeri alikimbilia bandani vile ambavyo hata polisi hawakuwahi kumkimbiza. Akamwaga mafuta ya taa kwenye plaiwudi, akafuta uso, akarudisha mgongo. Akasogea hatua moja nyuma.

Rangi haijakauka. Shingo ikaanza kujikunja.

Polepole. Kama mtu aliyeitwa jina.

Akafuta tena, akachora mgongo tena. Shingo ikageuka tena, na safari hii hakuhitaji simu. Kidevu kilianza kujitokeza chenyewe kwenye mbao, na yeye alikijua kile kidevu tangu siku kilipozaliwa, pale hospitali, kikiwa kidogo kama tunda la msituni.

Akaelewa. Mgongo ulishakataa. Uso lazima uwepo. Na uso wa kubuni haukubaliki, maana uso usio na mtu unatafutiwa mtu.

Akaingia saluni kwa Saida, akang'oa kioo ukutani.

"We baba Gati, kioo changu kinakwenda wapi?"

"Kutazama mwanaume mzuri."

"Basi kitapasuka!"

Akakiegemeza kwenye kopo. Akajichora. Alijichora bila kujipendelea, na hiyo kwake ilikuwa mara ya kwanza duniani. Mikunjo yote, jicho la kushoto linalolegea, mvi. Brashi haikukosea hata unywele. Alipotia nukta nyeupe kwenye mboni ya mwisho, shingo ikatulia.

Gati akaja mchana, uso umevimba usingizi. Akapiga picha, akapunguza.

"Sasa ni wewe."

"Ni mimi?"

"Ni wewe kabisa. Kwa nini wewe, baba?"

"Wazungu wajue sura nzuri zinapatikana wapi."

Ijumaa gemu likaingia dukani. Siku hiyo Gati aliamka alfajiri, anaimba, miguu misafi.

Likauzwa. Watu wa nchi ambazo Kisyeri hawezi hata kuzitamka waliandika kwamba hawajui gemu linahusu nini, ila yule mzee wa kwenye kava aliwatazama wakashindwa kupita.

Naye Kisyeri akaanza kupungua. Suruali zikawa zinazunguka kiunoni. Akawa anasinzia juu ya ngazi, brashi mdomoni. Gati ndiye alikuwa anamfulia, na siku moja akamletea suruali imejaa mbegu za nyasi, zile zinazong'ang'ania.

"Baba, hizi zinaota Natta. Natta umekwenda lini?"

Akamwambia yote. Gati hakulia. Alifungua laptopu.

"Naitoa hiyo kava."

"Usiguse!" Alimshika mkono, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vijiti. "Mgongo wa yule fisi haukai wazi. Mimi nikishuka leo, unajua nani anapanda. Niache, mama. Nimezoea. Tena nampanda vizuri kuliko yule bibi."

Wiki iliyofuata duka liliandika. Gemu limependwa, wanataka kuliweka ukurasa wa mbele, lakini kwa kava pana zaidi. Gati akachukua ile ile picha ya plaiwudi yenye sura ya baba yake, akakirudisha kipande cha pembeni alichokuwa amekikata, upande wa nyasi.

"Baba, huyu wa pili ulimchora lini?"

Kisyeri akainama. Kwenye nyasi, ukingoni kabisa, alikuwa amesimama fisi mwingine.

Hakuwahi kumchora.

Mgongo wake ulikuwa mtupu.

"Ipunguze," Kisyeri akanong'ona.

Gati akaipunguza mpaka ikawa kama kucha. Ndogo hivyo, mgongo haukuwa mtupu. Kuna mtu alikuwa anapanda, mguu mmoja juu, mikono imeshika manyoya ya shingo.

Gati hajaituma mpaka leo, na duka linamwandikia kila siku. Kila wakiifungua, yule mtu amepanda zaidi kidogo. Mgongo wake hawajui ni wa nani.

Bado hajageuka.