Honi ya Kona ya Kimuli

Unapita pale kila siku na macho yako yako kwenye simu. Kona ya Kimuli, inayoteremka hadi geti la sekondari, unaijua. Tuta la kupunguza mwendo tuliloahidiwa shule ilipofunguliwa unalijua pia, maana ulikuwepo ukapiga makofi. Mimi sijasahau. Basi soma habari za wapenzi hawa wawili, kwa kuwa za tuta hukutaka kuzisikia.

Walikutana Murongo siku ya soko, katikati ya bodaboda na magunia ya maharage yanayosubiri ushuru. Kemirembe, mwalimu wa fizikia hapo Kimuli, alivaa gauni la kitenge cha njano na alikuwa amekumbatia mkungu wa ndizi kama mtoto anayelia. Aimable, dereva wa teksi aina ya Probox, akaupokea bila kuombwa.

"Madamu, ndizi zinakaa nyuma. Wewe mbele."

"Mbele si pamelipiwa?"

"Pamelipiwa."

"Na nani?"

"Na dereva. Ana roho nzuri, ila hajaoa."

Kemirembe alicheka mpaka Kimuli. Tangu hapo, kila Aimable alipofika konani alipiga honi: mbili fupi za salamu, moja ndefu ya mapenzi. Darasani chaki ilimponyoka mwalimu. Jioni simu ikaita.

"Ulinisikia leo?"

"Kata nzima ilikusikia, mpenzi. Lakini punguza mwendo pale."

"Nikipunguza nitachelewa kukuona."

Kemirembe alimwambia kwa kubembeleza, akamwambia kwa kununa. Mwisho akalipeleka ubaoni kama swali: Probox inashuka kwa kilomita themanini kwa saa, dereva anamuwaza mchumba wake. Itasimama baada ya mita ngapi? Darasa likaangua kicheko. Kabla jua halijazama, Murongo yote ilikuwa na swali hilo.

"Umenifanya kichekesho cha watoto," Aimable alisema kwenye simu. "Kwa kuwa niliishia la saba?"

"Kwa kuwa kwa mdomo hukunisikia."

Akakata. Honi ikanyamaza, na Kemirembe akagundua kwamba ukimya nao unauma. Jumapili baada ya misa, Probox ikaegeshwa nje ya kanisa.

"Nipe lile swali. Siyo ubaoni, ila barabarani," Aimable alisema.

Barabara ilikuwa tupu. Kemirembe akalaza jani la mgomba konani, mahali dereva anapoliona geti kwa mara ya kwanza. "Njoo kama kawaida yako. Kwenye jani, kanyaga breki."

Gari likaja, likafunga breki, likaburuzika kwenye moramu ya barabara, vumbi jekundu likapanda. Lilipotulia, geti lilikuwa nyuma yake, mbali. Aimable akashuka, nyusi zimekuwa nyekundu.

"Na hapo ulijiandaa," Kemirembe alisema. "Siku unaniwaza, mguu unachelewa sekunde moja. Ongeza mita ishirini na mbili."

"Lakini pale getini hapana mtu."

"Leo Jumapili. Siku za shule, ukipiga honi, Fomu Wani wanakimbilia barabarani kukupungia. Wanasema shemeji anapita."

Aimable alikaa chini ukingoni mwa barabara. "Nilikuwa nawaona wakipunga. Nilidhani wapo pale siku zote."

"Honi yako ndiyo inayowaita."

Aimable akageuka kulitazama geti. "Nikija na kilomita arobaini?"

"Nusu ya mwendo, robo ya breki. Hata ukiniwaza, utasimama kabla ya geti."

Akarudi juu, akashuka na arobaini. Gari likasimama geti likiwa bado mbele, na Kemirembe amesimama katikati ya gari na geti kwa kitenge kile cha njano, hajasogea.

Aimable akachungulia dirishani. "Madamu, nitakuja kwenu na wazee na pombe ya rubisi. Nije na ngapi?"

"Arobaini. Na usipige honi, baba anasikia vizuri."

Aimable ameacha honi. Ila malori ya Fuso ya mahindi hayana mchumba pale getini. Jumamosi asubuhi wachumba hawa watakuwa konani na toroli la mawe, na mimi nitakuwa nao. Tuta tunalijenga wenyewe. Usiniambie hukusikia. Chukua jembe uje. Na kama unasoma haya ukiwa kwenye usukani, weka simu chini, toa mguu kwenye mafuta. Sasa hivi.