Siku Mia Mbili na Themanini

Mjamzito wa kwanza kupitiliza tarehe yake alitaniwa tu. "Mtoto wako anaogopa foleni," wakunga walimwambia. Walipofika wanane, wote wamepitiliza siku ishirini, hakuna aliyecheka pale zahanati. Na chumba cha makarani kikaanza kunuka chupa ya uzazi iliyopasuka, ingawa hakuna mama aliyewahi kujifungulia humo.

Karani mkongwe, Mzee Vifundo, alijua harufu ile imetoka wapi. Yeye ndiye aliyeileta.

Jina alilipata kwa kazi. Miaka ishirini na sita wanawake walimtajia siku ya kwanza ya hedhi yao ya mwisho, naye akakunja ngumi, akahesabu miezi kwenye vifundo vya vidole, akawatajia siku ya kujifungua. Walimsalimia mpaka sokoni. Kisha akaletwa karani wa kike, umri wa mwanawe, na kompyuta yake. Akiingiza tarehe, programu inajumlisha siku mia mbili na themanini, jibu hili hapa. Hata Februari ya mwaka mrefu haiisumbui. Foleni nzima ikahamia kwake. Na binti mwenyewe ana adabu, hata sababu ya kumchukia huipati! Wivu ulimla mzee mpaka chakula kikamshinda. Akaenda kwa mganga kuomba jini, na ombi lake lilikuwa fupi: tarehe za yule binti zikosee.

Jini halijui programu. Halikugusa hesabu hata moja. Lilishika watoto tumboni.

Vifundo alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mwenye mimba ya nne baada ya tatu kuharibika. Hiyo alimhesabia mwenyewe, nyumbani, ili asiandikwe kwenye ile kompyuta. Asubuhi moja binti huyo akampigia simu kwa sauti ya kunong'ona.

"Baba, usikasirike. Nilikwenda kwa yule dada wa kompyuta, nilitaka uhakika tu. Kwako wewe siku yangu ilikuwa jana. Kwake nimepitiliza siku tatu. Na baba... kuna mkono unamshika mtoto kwa ndani. Navisikia vidole vyake."

Vifundo alifika kwa mganga akihema.

"Litaondoka," mganga alisema, "ukimwambia huyo karani kwa kinywa chako kwamba ulimwonea wivu, naye akakusamehe."

"Nimpigie magoti mtoto mdogo vile?"

"Hicho kinyongo ndicho chakula chake, mzee wangu."

Alirudi kazini maneno yakiwa mdomoni. Yule karani akainua macho.

"Baba, mbona umepauka? Nikuletee maji? Halafu yule mwanao, ulimkosea siku mbili. Usijali, nimesharekebisha."

Alisema kwa wema. Lakini maneno yakamchoma mzee kama pilipili kwenye kidonda, na ombi la radhi likarudi tumboni.

"Niletee maji," akajibu.

Karani alipotoka, mzee akakaa kwenye kiti cha yule binti, mbele ya kompyuta, na hapo ile harufu ikamjaa puani, kitu kikawa kinahema chini ya meza karibu na magoti yake, kilio chembamba cha vichanga kikasikika nyuma ya kioo cha kompyuta, kimoja, kisha vingi, naye akautafuta mstari wa mwanawe katika orodha, akijiambia kuwa asiye na tarehe hawezi kupitiliza na asiyeandikwa jini halimwoni, akaufuta.

Kimya. Harufu ikapungua kidogo. Akacheka peke yake, akapiga simu.

"Mwanangu, tumbo linaendeleaje?"

"Tumbo gani, baba?"

"Mimba yako, mama."

"Baba, unanitania kwa jambo kama hilo? Sijashika mimba tangu ile ya tatu. Wewe mwenyewe ulinifuta machozi."

Karani aliporudi na bilauri alimkuta mzee amepiga magoti sakafuni. Akamweleza yote, wivu na jini, bila kuficha neno.

"Ah, baba," binti alisema, akimshika mabega amwinue. "Si ungeniambia tu? Nimekusamehe. Inuka."

Ilikuwa rahisi hivyo. Kabla jua halijazama wale mama wanane walijifungua wote, salama salimini, na wakunga wakapiga vigelegele ukumbini. Wa tisa hakuwa ameandikwa popote, na hakuna aliyemuulizia.