Ndege wa Yumna Kwenye Mwani

Mtasema nimetia chumvi, lakini haya yametokea Gando, mchana kweupe: msema kweli alichekwa, na mwongo akapigiwa makofi.

Jumamosi ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kutoka sana. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yameshatoka, na Yumna alikuwa kwenye mwani na mama yake, Bi Saada, wanafunga kamba za mwani kwenye vigingi. Hapo ndipo alipomuona ndege mrefu, mweupe, uso na miguu myekundu, anapekua dimbwi kwa mdomo bapa kama mwiko, kulia, kushoto. Hajapata kumuona maishani. Simu hana. Akahesabu hatua arubaini kutoka kigingi cha mwisho cha mama yake, na nyumbani akamchora na kuandika yote nyuma ya daftari la hisabati.

Jumatatu akayasoma kwenye klabu ya mazingira. Mwalimu Rajab ana daftari la ndege wa skuli. Ukimuona ndege mgeni, jina lako linaingia humo.

"Mdomo kama mwiko?" Hafidh, mwenzake wa klabu, akamkatiza. "Ulikuwa na njaa wewe. Sufuria hukuiona?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akafunua kitabu chake. "Yupo, anaitwa domomwiko. Ila huku kwetu sijasikia aliyemuona."

Jumanne Hafidh akaja na simu ya kaka yake. Ndani, picha safi ya domomwiko.

"Nimempiga mwenyewe, Jumamosi saa kumi alasiri, kwenye mwani. Yumna kasikia kwangu."

Makofi yakapigwa. Mwalimu akashika kalamu kuandika jina la Hafidh.

Yumna masikio yaliwaka kwa hasira. Yeye ndiye aliyepigwa jua, leo anaitwa mwizi wa maneno?

"Mwalimu, muulize Hafidh, huyo ndege kasimama wapi."

"Kwenye matope," Hafidh akajibu. "Miguu si hiyo yaonekana yote."

"Bamvua, saa kumi, maji yamejaa mpaka vigingi vya mama havionekani. Matope umeyatoa wapi?"

Nani pale asiyejua maji ya kwao? Hafidh akainamisha kichwa. "Nimeitoa mtandaoni, Mwalimu."

Mwalimu Rajab akaandika jina la Yumna, saa nne, hatua arubaini. "Urongo mmoja ukiingia humu, hata ya kweli hayataaminiwa tena. Andika ulichokiona, basi. Na mimi nimekosa, Yumna. Nilishika kalamu kabla ya kuuliza. Kesho maji yanatoka saa saba, tukamtafute. Pa picha nimepaacha wazi."

Simu ya mwalimu ni kitochi, haipigi picha ya maana. Nje Hafidh akamfuata Yumna. "Nisamehe. Nichukue kesho, nipige picha tu kwa simu ya kaka. Jina liandikwe lako."

Yumna hasira zilikuwa hazijamtoka.

"Njoo. Lakini saa naandika mimi."

Jumatano domomwiko alikuwepo, hatua thelathini na tano kutoka kigingi kile kile. Hafidh akampiga picha.

Ungekuwa wewe, baada ya kuchekwa vile, ungemchukua Hafidh?