Akaunti Moja, Televisheni Mbili

Siku ya punguzo la bei, duka la vifaa vya umeme lilifurika watu hadi mlangoni. Mchora ramani za nyumba alijipenyeza katikati ya mabega na mifuko, sketi yake ya kijani ikikwama huku na kule, mpaka akafika kwenye rafu na kushika kisanduku cha mwisho. Ni vile vidogo vyeusi vinavyochomekwa kwenye televisheni, nayo huanza kuonyesha filamu na picha kutoka intaneti. Kumbe kuna mkono mwingine uliokishika upande wa pili.

Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, miwani ya fremu nyekundu.

"Dada, nimekutangulia," akasema kwa upole.

"Kaka yangu, hiyo miwani haikusaidii. Angalia vizuri nani ametangulia."

"Miwani hii nimeitengeneza mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Inaona mpaka kwamba hujui kukifunga."

Binti akaangua kicheko, maana ilikuwa kweli. Bosi wake ndiye aliyemtuma. Alitaka wateja waonyeshwe nyumba zao kwenye televisheni ya chumba cha mikutano badala ya kukunjuliwa makaratasi.

"Haya, chukua," kijana akasema. "Ila nije nikufungie. Cha nyumbani kwangu nitangoja mzigo mwingine."

Kesho yake mchana akaja, akapiga magoti nyuma ya televisheni, akatoka na vumbi kwenye nywele. Kisanduku kikadai akaunti, na ofisi haikuwa nayo.

"Tumieni yangu kwa sasa. Mtafungua yenu baadaye."

Baadaye hiyo haikufika, kwa sababu mambo mengine yalishika kasi. Binti akamwita kijana Miwani, naye kwa uchoraji wake akaitwa Rula. Miwani alipopata kisanduku chake, ikawa kila jioni wenzake wakishaondoka, Rula anabaki ofisini, viatu kavua, miguu juu ya kiti, simu sikioni. Miwani yuko sebuleni kwake. Wote wanatazama filamu ileile.

"Umecheka nini, mpenzi?"

"Bwana harusi kakalia keki."

"Kwangu bado anatafuta kiti. Usinimalizie uhondo."

"Basi kimbiza, uje unikute."

Rula alikuwa na furaha ya mtu anayeshuka ngazi mbili mbili. Mpaka asubuhi ile walipokuja wateja, mke na mume, kutazama nyumba yao. Rula akawasha televisheni. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, ikajitokeza orodha ya vilivyotazamwa karibuni: *Namna ya Kumwacha Mpenzi Bila Kumuumiza. Utajuaje Penzi Limekwisha. Kuanza Maisha Mapya Mji Mwingine.*

"Kumbe hapa mnachora na talaka," mume akasema, mkewe akamfinya.

Rula aliwatembeza wateja kwenye vyumba vya nyumba yao pale kwenye televisheni. Jiko akaliita bafu.

Jioni simu ikaita.

"Rula wangu, filamu gani leo?"

"Nina kazi."

"Sauti imekuwaje? Unaumwa?"

"Kama una neno la kuniambia, sema. Mimi si kioo, sitavunjika."

"Neno gani, mpenzi?"

Akakata. Simu zilizofuata hakupokea hata moja. Alizitazama tu zikiita, roho ikimwambia pokea, kiburi kikimwambia thubutu.

Jumamosi uvumilivu ukamwishia. Kama ni kuachwa, na aachwe uso kwa uso. Akavaa gauni lake la zambarau, lile linalomkaa kama limeshonewa mwilini, akaenda kwa Miwani na kugonga mlango.

Aliyefungua ni dada mdogo wa Miwani, ambaye kaka yake alimlea naye bado waliishi pamoja. Macho yamemvimba. Nyuma yake kuna sanduku la nguo, wazi.

"Karibu, wifi."

"Usiniite hivyo, mdogo wangu. Kaka yako anataka kuniacha."

"Kaka? Yule aliyenunua pazia jipya kwa sababu ulisema sebule ina jua kali?"

"Nimeyaona anayoyatazama. Akaunti yake iko kwetu ofisini."

Dada mtu akaigeukia televisheni, kisha akakaa chini taratibu.

"Ni mimi, wifi. Nimepata kazi mji mwingine na mwanaume wangu hataki hata kusikia. Wiki nzima nimekaa hapa nikijifunza kumwacha. Jana nimemwambia."

"Bila kumuumiza?"

"Yeye hakuumia. Mimi ndiye niliyeumia."

Wakatazamana, wakaanza kucheka, na kicheko kikawaliza wote wawili. Dada mtu akafuta kamasi, akampigia kaka yake na kuweka sauti wazi.

"Njoo nyumbani. Wifi imerudi."

"Kwani intaneti ilikatika?"

"Si hiyo. Yenye gauni la zambarau. Ipo sebuleni inalia."

Simu ikakatika papo hapo.

Alifika anahema, aproni ya kazini bado kiunoni. Dada yake akamweleza kwa maneno machache, akajitia kukunja nguo.

"Kwa nini hukuniuliza?" Miwani akasema.

"Niliogopa ungenijibu."

"Siku zote hizi nilidhani umenichoka. Nimesaga lenzi za watu mpaka zikapasuka." Akaivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena. "Basi mimi nitauliza, ingawa naogopa kuliko wewe. Utakubali nikuoe?"

Dada mtu akaacha kukunja. Rula akamtazama yule kijana mrefu mwenye unga wa lenzi kwenye nyusi, kisha akamgeukia binti aliyeshika blauzi kifuani.

"Wifi yangu," akamwambia, "hebu mjibu kaka yako. Mimi sauti haitoki."